Shule tatu za kata, nimezipima kwa futikamba

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Gongo la Mboto, hatua chache kutoka Mwisho wa Lami, na kuanzia Desemba mpaka Machi sishoni kitu kingine ila sare za shule. Watoto wameshanibatiza Mama Sare. Shule za sekondari za serikali za huku kwetu nazijua kwa sketi: urefu, idadi ya marinda, aina ya kitambaa, na zaidi ya yote nazijua pale sketi inaporudi kurekebishwa. Kwa hiyo Desemba 2024 majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yalipotoka, na kitindamimba wangu akapangiwa shule ambayo mtaa mzima unaisonya, nikajua kazi ninayo.

Shule ninazozungumzia ni tatu. Majina sitaji, maana walimu wao ni wateja wangu na mume wangu ameniomba nisiue biashara kwa mdomo. Nitaziita kwa rangi za sketi, na rangi zenyewe nimezichezea kidogo: Kijani, Bluu na Damu ya Mzee. Zote ni za kata, zote za kutwa, zote ziko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile ambayo mpaka 2021 tulikuwa tunaiita Manispaa ya Ilala. Ada hakuna tangu Januari 2016. Kwenye makaratasi ni baba mmoja mama mmoja.

Mwanangu alipangiwa Kijani. Jirani yangu muuza maandazi hakungoja hata nimalize kusoma.

"Mama Sare, mhamishe mtoto. Pale Kijani wanakwenda kukua tu. Mpeleke Bluu."

"Bluu kuna nini?"

"Hulioni bango?"

Bango naliona kila siku. Liko getini kwa Bluu, herufi nyekundu, ufaulu asilimia 96, na picha za watoto wa daraja la kwanza wakiwa ndani ya mashati niliyoyashona mimi. Kijani hawana bango. Damu ya Mzee wanalo la miaka ya nyuma, limepigwa jua mpaka mwanafunzi bora amebaki meno.

Mkeka wa matokeo ya kidato cha nne ukatoka tarehe 23 Januari 2025. Baraza la Mitihani lilishaacha kutangaza kumi bora tangu Januari 2023, kwa hiyo ukitaka kujua shule yako imefanyaje unaingia mwenyewe kwenye tovuti yao, unaitafuta kwa jina au kwa namba yake ya kituo. Namba zinazoanza na S ndizo za wanafunzi wa shule. Zinazoanza na P ni watahiniwa wa kujitegemea waliofanyia mtihani hapo, usije ukamlaumu mkuu wa shule kwa ziro zisizo zake. Nilikwenda kwa kijana wa steshenari ya jirani, nikamwambia anichapie shule zote tatu, miaka minne. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Karatasi zilijaa mfuko wa rambo.

Nikae kidogo kwenye neno ufaulu, maana ndilo linaloandikwa kwenye mabango. Kitaifa mwaka ule lilisomeka asilimia 92.37. Ukisikia hivyo unapiga vigelegele. Sasa chukua kalamu. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na yanajumlishwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33. Huyo ana daraja la nne, amefaulu, na kwenye bango amehesabiwa. Ila kidato cha tano cha serikali wanamtaka mwenye C tatu angalau, na pointi zisizovuka 25, yaani ukomo wa daraja la tatu. Kati ya 25 na 33 pana bonde, na watoto wengi wa mtaani kwangu wako humo, wameandikwa wamefaulu huku wakiuliza wafanye nini.

Mimi bonde hilo nalijua kwa jina. Mwanangu wa kwanza alimaliza kidato cha nne 2012, mwaka ambao zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata ziro mpaka serikali ikaunda tume na matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Yule kijana alilala na ziro mwezi wa pili, akaamka mwezi wa tano na daraja la nne, bila kugusa kalamu. Tangu siku hiyo sijawahi kumwamini mtu anayenisomea asilimia moja halafu akanyamaza.

Basi nikachukua karatasi ya Bluu. Watahiniwa 171, ziro tano tu. Daraja la kwanza mpaka la tatu walikuwa 68, sawa na watoto arobaini katika kila mia. Kijani walikuwa 322, ziro 41, na daraja la kwanza mpaka la tatu 97, kama thelathini kwa mia. Jirani yangu alikuwa na haki. Bango halikudanganya.

Kilichonistua ni ile 171. Mimi nina daftari la oda, silitupi, na Januari 2021 tenda ya nembo za kidato cha kwanza kwa Bluu na kwa Kijani nilipewa mimi. Watoto wa Januari 2021 ndio haohao waliofanya mtihani Novemba 2024. Nikafungua kurasa. Bluu nembo 380. Kijani nembo 410.

Nikarudia kuhesabu. Kijani waliingia 410 wakafika 322. Bluu waliingia 380 wakafika 171. Wengine zaidi ya mia mbili wako wapi?

Najua mtoto hukariri kidato cha pili, najua wengine huhama na wazazi, wengine hukatishwa na mimba au na biashara ya bodaboda, kwa hiyo hesabu yangu si ya mhasibu. Lakini sababu hizo ziko Kijani pia, tena zaidi. Nikaendelea kupekua daftari mpaka nikafika Januari 2023, na pale nikakuta mstari niliouandika kwa mkono wangu na kuusahau: "Kufumua nembo Bluu, kushona Kijani, mashati 14." Nikaikumbuka wiki ile. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yalikuwa yametoka. Walikuja akina mama mmoja mmoja, kila mmoja na shati jeupe la mtoto, wengine hata hawakutaka kukaa. Ilinibidi nitumie wembe kufumua maana uzi wa nembo huwa naupiga mara mbili, na chini ya nembo kila shati lilikuwa na kiraka cheupe zaidi pale jua lilipokuwa halifiki. Nembo ya Kijani ni ndogo kuliko ya Bluu. Ule weupe ukabaki umezunguka pembeni kama kivuli.

Nilimtafuta mmoja wa akina mama wale, bado ni mteja. Akaniambia waliitwa shuleni, wakakalishwa vizuri tu, wakaambiwa mtoto "atafaidika na mazingira mengine". Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna barua. Na mazingira mengine yakawa Kijani, ambao walipokea wote, na mtihani ulipofika ziro za wale watoto zikaandikwa kwa Kijani.

Sasa hebu gawanya upya, kwa walioingia badala ya waliobaki. Bluu, 68 katika 380: kumi na wanane kwa mia. Kijani, 97 katika 410: karibu ishirini na wanne. Kijana wa steshenari alirudia hesabu kwenye simu yake mara mbili, kisha akaniuliza kama yeye na mdogo wake wanaweza kuniletea karatasi za Kivule nako niwaangalizie. Nikamwambia sina daftari la Kivule.

Kwa hiyo Kijani ni shule nzuri? Tulia. Bado sijafika kwenye hisabati.

Kwa sababu pointi zinatoka kwenye masomo saba bora, mtoto aliyefanya tisa anaweza kuficha F mbili na daraja lisitetereke. F inayofichwa huku kwetu ni ileile kila mwaka. Ukiona mstari wa mwanafunzi, pita CIV, pita KISW, nenda moja kwa moja B/MATH. Kitaifa wanaopenya hisabati ni kama robo tu ya watahiniwa, hilo si siri. Chini ya ukurasa pana jedwali la masomo: waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu na GPA, yaani wastani wa pointi, ya kila somo. Na hii GPA isomwe kichwa chini miguu juu, ndogo ndiyo nzuri. Nimeona mzazi akishangilia 4 na nusu. Kijani hisabati yao inatia huruma. Ukurasa mzima F, F, F, kama mshono wa zigizaga. Bluu afadhali kidogo. Walionitoa ushamba ni Damu ya Mzee: kashule kadogo, watahiniwa 88, lakini zaidi ya nusu yao wamepata alama ya kupita hisabati, na siyo D tupu.

Nikaamua kwenda kutazama. Ila kabla ya hapo nilikuwa na kipimo changu kingine. Mtoto akija kupimwa sare namwambia aweke begi mezani, na nikishamaliza kiuno namwomba daftari la hisabati. Wananizoea. Daftari la Bluu safi, limefunikwa kwa gazeti, limesahihishwa kila wiki. Daftari la Kijani mara ya mwisho kuguswa na kalamu nyekundu ilikuwa wiki tatu nyuma, na si uvivu, mwalimu mmoja ana mikondo sita. Daftari la Damu ya Mzee lilikuwa na wino mwekundu kila ukurasa, na pale mtoto alipokosea hapakuwa na alama ya kosa tu. Paliandikwa: "Rudia Na. 4, umesahau kubadilisha alama." Ukurasa unaofuata, Na. 4 imerudiwa. Chini yake: "Sawa."

Damu ya Mzee iko mbali. Kutoka kwangu unapanda la Pugu Kajiungeni, halafu unapanda la njia ya Chanika, halafu unatembea. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, ndiyo, lakini konda asubuhi hataki kusimama penye sare nne, anawapa ishara ya mkono gari limejaa na wewe unaona viti. Nilifika saa moja na robo nikiwa nimeondoka nyumbani bado giza. Nikaona watoto wakiendelea kuingia mpaka saa mbili. Yule mwalimu wa hisabati nilimkuta, kijana mwembamba, shati limepauka kola. Akaniamkia, nikaitika, nikamwambia nimekuja kumwona mtu anayeandika "Rudia Na. 4". Akacheka. Akasema anasahihisha kwenye daladala, anapanda kituo cha kwanza ili apate kiti.

Nikamuuliza fizikia.

"Mama, fizikia hapa hatuna mwalimu tangu mwaka jana. Tunaye wa kujitolea, anakuja Jumatano."

Nikatazama karatasi yangu. PHY, waliofanya sita. Mwanangu anataka uuguzi au uganga, alikwishasema tangu darasa la tano, na vyuo vya afya kwanza vinatafuta D ya kemia na ya baiolojia, na mara nyingi ya fizikia pia, ndipo waangalie daraja lako. Hapo Damu ya Mzee ikanitoka moyoni, kwa uchungu. Makande yao ya saa sita lakini ni matamu, nazi imekolea, nilipewa sahani.

Bluu sikukaa muda mrefu. Geti limepakwa rangi, bustani inamwagiliwa, mwalimu wa taaluma ana adabu. Alinionyesha madarasa yenye meza na viti vipya. Nilipomuuliza wanafunzi wa 2021 walikuwa wangapi akasema takwimu hizo ziko ofisi nyingine. Nilipomuuliza ofisi ipi simu yake ikaita. Uhamisho alisema nafasi hakuna kwa sasa, nije mwezi wa tatu. Sikurudi.

Kijani nilikwenda siku ya kikao cha wazazi. Darasa la kidato cha kwanza E, nilihesabu watoto 84, dawati moja watatu, na wa nyuma anaandika akiwa ameinua kiwiko kama anayeogelea. Vyoo vya wasichana matundu manane kwa shule yenye wasichana zaidi ya mia saba. Pua yangu haikuhitaji takwimu. Mwaka 2014 agizo la kila shule ya kata kujenga maabara tatu lilipopamba moto, sisi wazazi wa huku tulichangishwa, mimi mwenyewe nilitoa, kwa hiyo nilitaka kuziona. Zipo. Moja wamegeuza ofisi ya walimu, imejaa madaftari. Ya baiolojia ina makabati bila vioo. Ya tatu nilikuta kipindi kinaendelea, kidato cha tatu, wamesimama kwa sababu stuli hazitoshi, wamezunguka meza ya saruji, na mwalimu, mama wa makamo mwenye koti jeupe lililokatika mfuko, anawafanya wapime maji ya chokaa. Kila kikundi kilikuwa na bomba moja la kioo. Binti mmoja alikuwa anahesabu matone kwa sauti ya chini, midomo inatikisika, na wenzake wote wameshikilia pumzi. Alipofika tone la kubadilisha rangi mwalimu hakusema kitu, aliinua tu kidole. Wakaandika.

Nilisimama mlangoni mpaka kengele. Fizikia wanao walimu wawili wa kuajiriwa. Kwenye karatasi yangu PHY ya Kijani walifanya 74 na wengi walipita. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo, si jirani wala redio mbao, maana halina bango.

Kwenye kikao mzazi mmoja alisimama akalalamika kwamba Kijani inaaibisha kata kwa ziro nyingi. Mkuu wa shule, mama mmoja mfupi, akamjibu: "Mzee wangu, mimi sijawahi kumrudisha mtoto getini." Akaenda ajenda inayofuata, uji.

Nilimwacha mwanangu Kijani. Hisabati anakwenda tuisheni Jumamosi, na nimpe nani zaidi ya yule kijana wa Damu ya Mzee, ambaye anakaa Ulongoni na ana watoto kumi na mmoja sebuleni kwake. Anarudi na wino mwekundu. Bado namhofia kuhusu lugha, maana darasa la saba kamaliza kwa Kiswahili na sasa kila kitu Kiingereza, na mwezi wa kwanza wote alikuwa ananakili ubao kama anayechora. Ukiniuliza mimi, ukaja na mtoto anayependa hesabu na una ndugu Chanika wa kumlaza, Damu ya Mzee bila kufikiri mara mbili. Ukiwa na mtoto mwenye akili nyepesi ambaye hatayumba kidato cha pili, Bluu watamtunza. Akiyumba, njoo na wembe wako.

Kuna jambo moja sikulisema. Sketi za Kijani huwa zinarudi kwangu zimechanika mahali palepale: nyuma, kushoto, chini kidogo ya kalio, mchaniko wenye pembe. Miaka yote nilidhani wasichana wa Kijani wanapanda kuta. Siku ile ya kikao nikakaa kwenye dawati la mwanangu nikasikia kinanichoma. Msumari. Ubao wa kukalia umelegea, msumari umechomoza, na mtoto wa mwisho kushoto ndiye anayeukalia.

Wiki iliyofuata nilirudi na nyundo ya mume wangu. Mwalimu wa zamu akaniruhusu watoto walipokuwa paredi. Darasa la E peke yake nilizamisha misumari 23. Nilipofika dawati la mwisho yule mama wa maabara alikuwa amesimama mlangoni na koti lake.

"Mama Sare, si unajiharibia? Viraka vyote vile vilikuwa vinakuja kwako."

Nikamwambia alete hilo koti nilishone mfuko, kisha anielekeze darasa la F liko wapi.